Kurasa Nne

Unaniuliza, Byamungu, kama buku ya pili inafaa kusomwa.
Ngoja kwanza nikuambie ya kwanza niliisomaje.

Niliikodi Nyawera, kwa Nabintu, faranga mia tano kwa juma,
msimu ule udongo wa Kadutu ulipokuwa ukiteremka usiku
na sisi wa chini tukilala na viatu miguuni.
Umeme ulikuja saa nane, ukaondoka alfajiri kama mgoni,
na katikati ya saa hizo nilisoma
habari za Mwavita, mke wa mpima ardhi,
aliyehesabu visu vyake kila jioni.
Vilikuwa sita. Mumewe akasema, kwa upole,
upole ule unaotia baridi mgongoni:
"Tangu tuoane, mpenzi, havijawahi kuzidi vitano."

Kurasa mia mbili, na hakuna aliyepigwa hata kofi.
Hakuna damu. Mlango tu, uliofungwa na mtu
ambaye angeweza kuwa yeye mwenyewe.
Halafu ukurasa wa mia mbili na kumi na moja,
ngazini, tochi ikififia:
"akageuka, na aliyesimama nyuma yake alikuwa"
basi.
Zilizobaki, kurasa nne, kuna mtu alizichana
akafungia karanga.

Miaka sita nimeishi na sentensi isiyo na mwisho.
Niliijaza mwenyewe. Siku za mvua alikuwa mumewe,
siku za jua hakuwa mtu.
Siku niliyomzika mama, alikuwa Mwavita mwingine,
ameshika kisu cha sita, anamnyooshea mpini
kama anayerudisha deni.
Mimi pia nikaanza kuhesabu visu. Usicheke.
Ninavyo vitatu. Usiku mmoja vilikuwa vitatu
na bado nikahesabu tena.

Mwezi uliopita Nabintu ananiita toka ng'ambo ya barabara,
anapunga kitu chekundu juu ya mamotari na matope:
"Ya pili iko! Iko nzima, na mwisho wake!"

Nitasema ukweli, kwa kuwa faranga ni zako.
Mstari wa kwanza kabisa unamtaja aliyekuwa nyuma.
Jina, kazi, hata saizi ya viatu.
Nilijiona kama mtu aliyerudi kwake jioni
akakuta ukuta umesogezwa, kwa nia njema.
Kisha anaingia daktari wa akili, miwani puani,
anaeleza yote: kisima, utoto, shangazi.
Hofu ikishaelezwa ni sambaza za juzi:
macho bado yapo, ila hayakutazami.
Kurasa sitini nililala vizuri,
na buku ya namna hii haikuandikwa ili tulale.

Lakini ukurasa wa tisini na tatu
daktari anamuuliza, "Vilikuwa vingapi?"
Naye anatabasamu, amepona, anasema, "Vitano,"
na chini ya meza anakunja vidole,
vyote vya mkono wa kushoto,
halafu, polepole,
kimoja cha kulia.

Nilifunga buku nikaenda jikoni. Sikuwasha kitu.

Kwa hiyo soma, kwa ajili ya meza ile.
Usinunue. Kodi.
Na ujue utakosa mwisho, maana nilipobakiza kurasa nne
nilichukua wembe, nikazikata bila kuzitazama,
nikawashia makaa.
Hata Mwavita anastahili ngazi moja isiyo na taa.

Nabintu siku hizi huhesabu kurasa, amejifunza.
"Zimepunguka ine. Ulipe."
Nikalipa elfu mbili.
"Zilikuwa zinasema nini?"
"Sijui."
Akaniangalia kwa upole, upole ule,
akafungua daftari, akaandika jina langu,
akasema ya tatu iko njiani.